Ndege Inapongojea Katika Jua



Siku moja utafika kwenye kiwanja cha ndege cha Kasongo, kama bado hujafika. Utakuwa umetoka upande wa Kabambare giza lingalipo, juu ya piki-piki, mtoto katikati yako na shofere, mzigo umefungwa nyuma kwa mpira. Utafika na vumbi mpaka ndani ya masikio. Ndege ndogo itakuwa imekwisha kutua. Imesimama pembeni, milango wazi, wala hakuna mtu ndani. Piloti amekaa chini ya kivuli cha bawa. Kwenye vioo vya mbele amebandika kitambaa kinachong'aa kama karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Wewe miguu imechoka, mtoto analia, unataka kuingia ukae kwenye kiti ulichokilipia. Piloti anakukataza: "Ngoja kwanza, mama. Humo ndani ni tanuru."

Watu wengi wanakasirika. Wanasema piloti ana kiburi, au anawangojea wakubwa. Mwezi huu ukurasa wetu unataka kukueleza kwamba piloti yule ana haki, na kwamba kazi ya kuipoza ndege iliyosimama juani ni kazi kubwa duniani kote, inakula mafuta, mashini na akili za watu. Usigeuze ukurasa kwa kusema, "Mimi sipandi ndege." Kamyo yetu, jipu ya kapita, kontena la stoo na nyumba ya manjanja ni ndugu zake ndege. Zinapika watu kwa njia ile ile moja.

JUA LINAINGIA, HALITOKI

Mwanga wa jua hupita kwenye kioo bila shida. Ukifika ndani unaangukia viti, sakafu na vyuma, na hapo unageuka kuwa joto. Joto hilo haliwezi kurudi nje kupitia kioo kama mwanga ulivyoingia. Hewa ya ndani nayo, kwa sababu milango imefungwa, haina pa kwenda. Kwa hiyo kila dakika joto linaongezeka juu ya lile la kwanza, kama maji yanayoingia katika mtungi usiotoboka.

Labda utasema: kwetu Maniema ya kusini si jangwa, hatupati joto la Waarabu. Ni kweli, na ndiyo sababu watu wanadanganyika. Katika mwaka 2005 waganga wa Marekani walitangaza matokeo ya kupima motokaa iliyofungwa na kuachwa juani. Hewa ya nje ilikuwa digrii 22 tu, baridi kuliko mchana wetu wowote wa kawaida. Ndani ya motokaa joto lilipanda mpaka digrii 47. Zaidi ya hayo, sehemu 80 katika 100 za ongezeko hilo zilikuja katika nusu saa ya kwanza. Walijaribu pia kushusha vioo kidogo, kama sisi sote tunavyofanya, na haikusaidia karibu kitu. Umekwisha kuona mwenyewe mshumaa uliosahauliwa nyuma ya kioo cha kamyo unavyoinama kama mzee. Hakuna moto uliouwasha.

Ndege ina jambo lingine baya zaidi. Kati ya bati lake la nje na ukuta unaouona ndani wameweka blanketi la kuzuia baridi, maana huko juu hewa ya nje inafika digrii 50 chini ya sifuri. Blanketi hilo ni zuri angani. Chini, ndege ikikwisha kupata moto, linachelewesha joto kutoka. Halafu watu wenyewe wanaingia. Mtu aliyekaa kimya hutoa joto kama la balbu ya wati 100. Jaza ndege ya watu 180: ni wati 18,000, sawa na pasi 18 za umeme za wati 1,000 zilizowashwa kwa pamoja ndani ya bomba lililofungwa.

NDEGE KUBWA ZINAPOZWAJE

Ndege kubwa zinazotua N'djili au Lubumbashi zina dawa tatu za joto, na inafaa uzijue, maana ukizijua utaelewa kelele unazozisikia kiwanjani.

Dawa ya kwanza iko mkiani. Ukisimama karibu na ndege kubwa ambayo moteri zake zimezimwa, utasikia bado kitu kinavuma kwa nyuma. Ni moteri ndogo iliyofichwa kwenye ncha ya mkia. Hairushi ndege. Kazi yake ni kutoa umeme na hewa ya nguvu wakati ndege imesimama. Hewa hiyo inapelekwa kwenye mashini za kupoza zilizo chini ya tumbo la ndege.

Sasa utashangaa: katika ndege nyingi mashini hizo hazina gesi ya kupozea kama ile ya frigo. Zinapoza hewa kwa hewa yenyewe. Chukua pompi ya baiskeli, ile tunayoiita kinga. Ukipiga pompi kwa nguvu, chini yake panakuwa moto hata panakuchoma kidole: hewa iliyobanwa hupata moto. Kisha fungua kidude cha mpira wa gurudumu, hewa itoke kwa kasi juu ya mkono wako. Ni ya baridi: hewa inayofunguliwa na kutanuka hupoa. Basi mashini ya ndege inafanya yote mawili. Inabana hewa mpaka iwe moto sana, inauondoa moto huo kwa kuupitisha kwenye vyuma vinavyopigwa na hewa ya nje, kisha inaiachilia hewa itanuke huku ikizungusha gurudumu dogo. Inatoka baridi, wakati mwingine baridi hata kufanya ukungu. Ule moshi mweupe unaoshuka kutoka dari ya ndege siku za joto na unyevu, unaowatia watu hofu, si moshi. Ni ukungu kama wa asubuhi mtoni.

Dawa ya pili ni bomba nene, mara nyingi la rangi ya njano, linalotoka kwenye jengo la kiwanja au kwenye gari lenye mashini ya baridi na kuchomekwa chini ya ndege. Viwanja vikubwa vinaipenda njia hii, kwa sababu moteri ya mkiani inakula mafuta na kupiga kelele. Dubai na Maskati, ambako kiangazi joto la nje linapita digrii 45, ndege ikikosa bomba hilo wala moteri ya mkiani haifanyi kazi, safari inaweza kucheleweshwa mpaka jambo litengenezwe.

Dawa ya tatu haigharimu kitu. Ni kufunga vifuniko vya madirisha. Mara nyingi wahudumu wanawaomba abiria, kabla ya kushuka, kila mmoja ateremshe kifuniko cha dirisha lake. Usidhani ni adabu tu. Jua lisiloingia halihitaji kuondolewa.

Hata matajiri wanakamatwa na joto. Mwezi wa Julai 2023, katika Las Vegas huko Marekani, ndege iliyojaa abiria ilibaki chini kwa saa nyingi katika joto kali bila kuruka. Watu walianza kuzimia, na wengine ikabidi wateremshwe na kupelekwa kwa waganga. Ilikuwa ndege ya nchi yenye kila mashini unayoweza kuitaja.

NDEGE NDOGO ZA KWETU

Ndege ndogo zinazotua kwenye viwanja vyetu vya udongo mwekundu kwa kawaida hazina moteri ya mkiani. Nyingine hazina mashini ya baridi kabisa, na zilizo nayo huihitaji moteri kubwa ifanye kazi. Bomba la njano usiliulize. Kwa hiyo piloti anarudi kwenye akili za wazee: kivuli, upepo na saa nzuri.

Kitambaa kile kinachong'aa kinarudisha mwanga ulikotoka kabla haujageuka joto. Milango ya pande mbili inaachwa wazi ili upepo upite. Kama kiwanja kinaruhusu, ndege inaegeshwa vioo vya mbele vikilipa jua mgongo. Mizigo inapakiwa kwanza, watu mwisho, mafuta yakikwisha kutiwa na karatasi zikikwisha kusainiwa. Ukiitwa, panda upesi. Kila dakika unayoaga kwa mara ya tatu, wenzako wanaoka.

Na saa nzuri ni asubuhi. Hapa kuna jambo ambalo abiria wengi hawalijui, nalo ni la uzima na kifo. Hewa yenye joto ni nyepesi. Kati ya digrii 15 na digrii 35, hewa inapoteza karibu sehemu 6 au 7 katika 100 za uzito wake. Bawa linabebwa na hewa, rafadha inavuta hewa, moteri inapumua hewa. Vyote vitatu vinadhoofika siku moja, saa moja. Ndege ile ile, na watu wale wale, itahitaji kukimbia mbali zaidi saa nane ya mchana kuliko saa moja ya asubuhi, na kupanda kwake kutakuwa kwa polepole zaidi. Tarehe 20 Juni 2017 huko Phoenix, Marekani, ndege nyingi ndogo za abiria zilizuiwa kuruka kwa sababu joto lilikuwa limepita kipimo ambacho watengenezaji wake walikuwa wameandika katika vitabu. Phoenix ina njia ndefu ya lami. Kwetu mwisho wa kiwanja ni miti.

Basi piloti akikuambia gunia moja litabaki, usimpe maneno makali. Na akikupima kwenye kilo, usifiche kitu. Tunaandika hili kwa makusudi, maana sisi ni watu wa madini. Unajua vizuri kuliko mtu wa Kinshasa kwamba kasiterite ina uzito karibu mara 7 ya maji. Mfuko mdogo unaoweza kuusukuma chini ya kiti kwa kisigino, bila mtu kuuona, unaweza kuwa na uzito wa mtoto mzima. Piloti amefanya hesabu yake kwa hewa ya saa hiyo. Mfuko wako hauko katika hesabu.

MAGURUDUMU NA MAPIPA

Ndege ikitua kwenye kiwanja kifupi, inafunga breki kwa nguvu, na breki zinapata moto sana. Katika ndege kubwa, magurudumu yana vizibo vidogo vilivyotengenezwa viyeyuke joto likizidi, ili hewa itoke polepole badala ya gurudumu kupasuka. Likipasuka, vipande huruka pembeni. Kwa hiyo mtu mwenye kazi karibu na magurudumu yenye moto anayaendea kutoka mbele au kutoka nyuma, kamwe si kutoka ubavuni, na hamwagi maji juu ya breki nyekundu, maana chuma kinaweza kupasuka. Watoto wanaokimbilia ndege mara tu inaposimama, wazuie.

Yale yale ni ya kamyo zetu za kubeba mawe. Breki ikikwama na gurudumu likaanza kutoa moshi, tairi linaweza kuwa linaungua ndani kwa ndani na kupasuka hata saa nyingi baadaye, wakati watu wamekwisha kusahau. Simamisha, shuka, ondoka mbali, zuia watu, mwite kapita. Usisimame hapo kutoa mashauri.

Mafuta nayo hutanuka. Pipa la litri 200 lililojazwa asubuhi ya baridi mpaka mdomoni, likipanda digrii 20 katika jua, linataka nafasi ya litri 4 zaidi. Litaipata, kwa kuvimba au kwa kuvuja. Acha nafasi juu, weka pipa kivulini, na ukilifungua mchana zungusha kizibo polepole uso wako ukiwa pembeni. Wale wanaolala na mapipa ya petroli ndani ya nyumba za manjanja kwa kuogopa wezi, tunajua mpo, na tunajua pia kwa nini. Tungependa mmwombe mkubwa wa depo awape pa kuyaweka.

SANDUKU LA CHANJO

Tufike sasa kwenye mzigo mdogo kuliko yote katika ndege, ambao joto la kiwanjani linaweza kuuharibu bila mtu kusikia harufu wala kuona moshi.

Kasongo ina historia katika jambo hili. Tangu mwaka 1971 waganga wa hapa pamoja na Chuo cha Dawa za Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, waliendesha mradi wa afya uliojulikana kama Mradi wa Kasongo. Katika miaka hiyo ya 1970 waliwachanja watoto wa Kasongo dhidi ya surua, wakalinganisha maisha ya watoto wa miezi 7 mpaka 35 waliochanjwa na wale wasiochanjwa. Matokeo yake yalitolewa mwaka 1981 katika gazeti kubwa la waganga la Uingereza, na yamejadiliwa na wataalamu kwa miaka mingi. Watu wa mbali wanalijua jina la Kasongo kwa sababu ya surua, na sisi wenyewe mara nyingi hatujui.

Surua haijaondoka. Katika mlipuko ulioanza mwaka 2019, Kongo ilihesabu zaidi ya wagonjwa 310,000 walioshukiwa na zaidi ya vifo 6,000 kufikia mwanzo wa Januari 2020. Wengi wao walikuwa watoto wadogo.

Chanjo ya surua lazima ikae kati ya digrii 2 na digrii 8 mpaka itakapofika kwa mwuguzi. Ikiwa ingali unga inavumilia kidogo. Lakini ikikwisha kuchanganywa na maji yake, inakuwa dhaifu kabisa mbele ya joto: katika joto la digrii 20 mpaka 25 inapoteza karibu nusu ya nguvu yake kwa saa moja, na ikipita digrii 37 inapoteza karibu nguvu yote katika saa hiyo hiyo. Chupa iliyochanganywa haipaswi kutumiwa baada ya saa 6, hata kama imekaa katika baridi. Chanjo iliyokufa haimuui mtoto siku hiyo. Inampa mama karatasi yenye mhuri na moyo wa amani, halafu surua inakuja.

Sasa fikiri. Sanduku limetoka Kindu au mbali zaidi, na barafu yake. Ndege imetua. Piloti na abiria wameshuka, wako kivulini. Sanduku limebaki tumboni mwa ndege, milango imefungwa ili watoto wasiibe, na gari la kulipokea limechelewa kwa sababu ya tope. Barafu inayeyuka. Ndiyo sababu sheria nzuri ya kiwanja ni moja: sanduku la chanjo ni la mwisho kuingia na la kwanza kutoka. Likitoka linakaa kivulini pamoja na mtu, si juu ya bati la moteri ya jipu, si nyuma ya kioo cha mbele, wala si juu ya kamyo pamoja na magunia. Kama wewe shofere wa kampuni umetumwa kulichukua, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza, bia itangoja. Na usilifungue njiani kuonyesha marafiki. Kila ukifungua, baridi inamwagika.

Usifikiri tena kwamba baridi ikizidi ndiyo vizuri. Ile chanjo ya magonjwa matano wanayochomwa watoto wachanga huharibika ikiganda. Mwuguzi anajua ipi ikae wapi.

Kwa akina mama: kwenye chupa nyingi za chanjo kuna alama ndogo, mviringo wenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko mviringo, chupa haijachomwa na joto kupita kiasi. Mraba ukilingana rangi na mviringo, au ukiwa mweusi zaidi, chupa inatupwa. Ni ruhusa yako kumwomba mwuguzi akuonyeshe. Mwuguzi mwema hatakasirika, na pengine atafurahi kwamba mtu ameuliza.

Wakati wa Ebola, mwaka 2018, chanjo yake ilihitaji baridi kubwa mno, kati ya digrii 60 na 80 chini ya sifuri, na ilipelekwa mpaka vijiji vya msituni kwa vyombo maalumu vinavyotunza baridi siku kadhaa bila umeme. Basi anayekuambia kwamba sanduku la surua haliwezi kufika Kabambare likiwa baridi, mwambie mambo magumu kuliko hayo yamekwisha kufanyika katika nchi hii hii.

MTOTO NDANI YA JIPU

Katika kambi watoto wanapenda gari lililosimama. Wanapanda, wanazungusha usukani, wanafunga milango, mchezo mzuri. Mara nyingine mlango haufunguki kutoka ndani, au mdogo wao analala kwenye kiti cha nyuma na wakubwa wanakwenda kwenye mpira. Mwili wa mtoto mdogo unapata moto mara 3 mpaka 5 upesi kuliko wa mtu mkubwa. Nusu saa inatosha.

Shofere, ukitoka katika gari, tazama viti vyote, hata chini yake, funga kwa ufunguo na ondoka nao. Mama, mtoto asipoonekana, kabla ya kwenda mtoni au kisimani kumtafuta, tazama kwanza ndani ya magari.

Mtu aliyepigwa na joto, mkubwa au mdogo, utamjua hivi: kichwa kinamuuma, anatapika, anasema maneno yasiyo na maana, anayumba kama mlevi, ngozi yake ni moto sana, mara kavu, mara ingali na jasho. Mwili ukipita digrii 40 ubongo unaanza kuharibika. Usipoteze muda kubishana kama ni malaria. Ni kweli kwamba malaria nayo inaleta moto na kuchanganyikiwa, hasa kwa mtoto, na dispansere lazima wampime damu. Lakini kama umemtoa ndani ya gari, kontena au ndege iliyofungwa, anza na joto. Mpeleke kivulini. Mvue nguo. Mmwagie maji mwili mzima, maji ya kawaida ya bidoni yanatosha, na mtu mwingine ampepee kwa kitambaa au kifuniko cha sufuria bila kuacha. Weka vitambaa vyenye maji baridi makwapani, shingoni na kwenye mapaja kwa ndani. Kama ana akili yake, mpe maji kidogo kidogo. Kama hana akili yake, usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu. Mpoze kwanza, kisha mbebe, na njiani endelea kumpoza.

WEWE KAZINI

Opereta anayepanda kwenye mashini iliyolala juani tangu asubuhi afanye kama piloti: afungue milango pande zote, angoje dakika chache hewa ibadilike, ndipo akae. Kioo kifunikwe mashini inapopumzika. Kama mashini ya baridi ya kibini imeharibika, andika katika kitabu cha zamu. Usiseme kwa mdomo tu, maneno ya mdomo hayatengenezwi.

Mtu mpya, au aliyerudi kutoka likizo au kitandani, mwili wake bado haujazoea. Unahitaji siku 7 mpaka 14 za kuongeza kazi polepole. Migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini, katika miaka ya 1970, ilikuwa na vyumba vya joto vya kuwazoeza wafanyakazi kabla ya kuwashusha chini, kwa sababu watu walikuwa wakifa katika siku zao za kwanza. Sisi hatuna vyumba hivyo, ila tuna kapita mwenye macho. Kapita, mtu wa siku ya kwanza usimpe sururu mahali pagumu kuliko pote ili "umjaribu".

Kunywa maji kabla ya kiu, kikombe kimoja kila dakika 20 hivi ukiwa katika kazi nzito. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa. Chumvi utaipata katika chakula, usile vidonge vya chumvi. Lutuku si maji, hata kama inapita kooni kama maji.

Huko Oman, ambako wamo watu wengi wenye kusema Kiswahili kama sisi, sheria inakataza kazi za nje katika jua la mchana, tangu saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Falme za Kiarabu zina sheria kama hiyo. Kwetu jua kali linabadilika na mvua, na sheria ya tarehe isingefaa. Lakini mwandishi wa ukurasa huu anaona kwamba kazi za kubeba na kuvunja mawe mahali pasipo kivuli zingeweza kuanza mapema zaidi na kusimama saa za utosi, siku za jua. Tumewaomba wajumbe wa wafanyakazi walete jambo hili katika mkutano wa usalama. Wewe pia mwambie mjumbe wako unavyofikiri. Mwambie na jina la mahali ambapo joto ni baya zaidi.

Sasa turudi kiwanjani. Wewe ungali chini ya bawa, mtoto amenyamaza kwa sababu umempa maji na kumvua lile koti la sufu ulilomvika kwa ajili ya safari. Koti liweke karibu, utalihitaji huko juu. Gari la dispansere linakuja, sanduku lenye barafu linapakiwa, mkanda unafungwa juu yake. Piloti anang'oa kile kitambaa kwenye vioo, anakikunja, anatazama miti ya mwisho wa kiwanja, anawaita mmoja mmoja kwa majina. Panda, kaa, funga mkanda wa mtoto. Ndani bado kuna joto. Litakwisha dakika chache baada ya magurudumu kuiacha ardhi.